Aliyeitikia Hadithi za Watu: Bi Zubeda Mwinshehe Anaaga

Miaka thelathini na mmoja si mchezo, jamani. Machi 1994 Bi Zubeda Mwinshehe aliripoti kazini hapa Kituo cha Simulizi, Chang'ombe, akiwa mtafiti msaidizi, kanga moja begani na nyingine ndani ya mkoba. Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025 anakabidhi ofisi akiwa Mtafiti Mwandamizi, na ile kanga ya mkobani bado ipo. Habari ya kanga hiyo itakuja, msiwe na haraka.

Kabla sijaenda mbali, msomaji ajue nani anaandika. Mie ni Kornelio Masanja, mhariri wa machapisho ya Kituo, Mnyamwezi wa Tabora. Bi Zubeda ni Mzaramo, mzaliwa wa Kisarawe aliyekulia Mbagala. Kwa hiyo sisi ni watani, na mtani hana wa kumfundisha adabu. Uongozi uliponipa kazi hii ulinisihi niwe mpole. Nimejitahidi. Pale nitakaposhindwa, lawama ziende kwa mababu waliouanzisha utani huu enzi za misafara ya kushuka pwani.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilionekana nyepesi kwenye karatasi: kuzunguka mitaa ya Temeke na Kinondoni, kukaa na wazee, kukusanya hadithi, vitendawili na nyimbo, kisha kuziandika. Yombo, Mbagala, Kunduchi, Msasani. Jiji lilikuwa linakua kwa kasi na wenyeji wengi walikuwa wanauza viwanja na kuhama, kila aliyehama akiondoka na hadithi zake. Mtafiti alitakiwa awahi.

Tatizo la kwanza lilikuwa sheria. Sheria ya wazee inasema hadithi haisimuliwi mchana, atakayesimulia mchana ataota mkia. Sheria ya serikali inasema kazi mwisho saa tisa na nusu. Watafiti waliomtangulia walikuwa wakibembeleza, wakidanganya, wengine wakirudi mikono mitupu wakaandika kwenye ripoti kwamba eneo halina hadithi. Bi Zubeda, siku yake ya kwanza Msasani, alitoa kanga mkobani, akaifunga kutoka nguzo ya baraza mpaka kwenye nondo za dirisha, akawaambia akina mama waliokuwepo kwamba upande huu wa kanga jua limeshazama. Wakacheka mpaka basi. Halafu mmoja wao akaingia nyuma ya kanga, akaanza kusimulia. Tangu hapo ile kanga imefanya kazi kuliko baadhi ya watumishi ninaowafahamu, na nimehakikishiwa kwamba mpaka leo hakuna aliyeota mkia.

Tatizo la pili lilikuwa letu sisi wasomi. Zamani hapa Kituoni ilikuwa mtu akienda kurekodi, jambo la kwanza ni kufukuza watoto, kufunga mlango na kuwaambia watu wakae kimya ili kinasa sauti kisidake kelele. Bi Zubeda alifuatana na afisa mmoja wa namna hiyo kwenda Yombo. Mzee waliyemkuta alikuwa anasifika mtaa mzima kwa kusimulia. Akakalishwa peke yake mbele ya mashine, akaambiwa aanze. Hadithi ikaisha kabla chai haijapoa. Hakuimba hata wimbo mmoja. Wakati wa kuondoka, Bi Zubeda akamuuliza kwa nini hadithi imekuwa fupi vile, na mzee akamjibu kwamba ameita, hakuitikiwa, sasa wao walitaka amsimulie nani.

Hapo ndipo alipoipata kazi yake halisi. Kuanzia siku ile alikataa kurekodi hadithi yoyote isiyokuwa na watu wa kuitikia, na wakikosekana, aliitikia yeye. Msiichukulie poa kazi hiyo. Mwitikiaji mzuri hasemi "enhe" ovyo. Kuna "enhe" ya kumsukuma msimuliaji aendelee na kuna "mh!" ya kumwambia sikuamini, thibitisha. Kuna "loh!" ambayo ikija mapema inaharibu kila kitu. Na kuna "ikawaje?", ambayo kwa maelezo yake haitumiki mpaka msimuliaji mwenyewe aonyeshe kwamba anaitaka. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akituambia vikaoni, na hadithi ni chawa mkubwa. Sisi Wanyamwezi hatuna chawa, lakini tulimwelewa.

Mbagala alikuwapo mzee Marselino, mchonga vinyago aliyetokea Newala, ambaye hakuweza kusimulia bila tezo mkononi. Alikuwa anachonga huku anasimulia, ko, ko, ko, na zimwi likikaribia mlangoni tezo inasimama. Bi Zubeda alirekodi yote, milio na vituo vyake. Mtu akisikiliza hadithi za mzee yule hajui anachoogopa ni zimwi au ni ule mkono ulioacha kugonga.

Katika uandishi alikuwa mkaidi vilevile. Vitabu vyake vya watoto mnavijua, maana vimejaa kwenye shule zetu. Kimoja kinaitwa *Enhe, Ikawaje?* na nilikihariri kwa jasho. Mswada ulikuja umejaa "enhe", "mh" na "loh" kila ukurasa. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba hizi si sentensi. Naye akanijibu, bila heshima yoyote, kwamba Mnyamwezi amezoea kubeba mizigo, hajui kilichomo ndani. Tulivutana miezi. Kitabu kikatoka na "enhe" zake zote, na walimu wanasema watoto huzisoma kwa pamoja darasani kwa kupaza sauti hadi darasa la jirani linalalamika. Basi, alishinda yeye.

Huyo ndiye Bi Zubeda wa kazini. Niseme kidogo na wa nje ya kazi. Mama yangu alipofariki kule Tabora, Bi Zubeda alisafiri kuja msibani bila kuitwa. Wakati wa kutoa jeneza alijilaza mlangoni, mtu mzima na cheo chake, akatangaza kwamba maiti haitoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alikuwa mtumwa wake na ameondoka bila kuaga. Watani ndivyo wanavyofanya, na kijiji chote kilielewa. Jogoo akaletwa, akamkataa, akasema huyu ana mafua. Siku ile nilikuwa sijala wala sijasema neno tangu nipate taarifa, na nilicheka. Nilicheka nikiwa nimeshika jeneza la mama yangu. Mpaka leo sijui nimlipe nini.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo wafanyakazi wa zamani wananisubiri nilikwepe. Silikwepi, kwa sababu ndilo lililotuonyesha Bi Zubeda ni nani.

Mwaka 2017 Kituo kiliamua kuhamishia kanda zote za kaseti kwenye kompyuta. Uamuzi mzuri kabisa, maana mvua za masika ziliingia stoo na kanda zilikuwa zimeanza kuota ukungu. Kazi alipewa Nurdin, fundi sauti aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuo na vyeti vinavyong'aa. Nurdin siku hizi ndiye mkuu wa kitengo cha sauti, na ameniruhusu nimtaje kwa sharti kwamba niseme vyeti vile vilikuwa vya kweli. Vilikuwa vya kweli. Bi Zubeda wakati huo alikuwa likizo Kisarawe akimuuguza mama yake, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwelekeza Nurdin. Akafanya kama alivyofundishwa: akasafisha. Akaondoa feni, honi za pikipiki, majogoo na vikohozi. Kisha, kwa kuwa kwenye orodha yetu kila hadithi iliandikwa jina la msimuliaji mmoja tu, akaondoa na kila sauti isiyokuwa ya msimuliaji huyo. Kila "enhe" ikaondoka. Vicheko vikaondoka, na viitikio vya nyimbo, na hata tezo ya mzee Marselino. Mahali palipokuwa na watu aliacha kimya, ili urefu wa hadithi usibadilike. Kaseti zenyewe, kwa ajili ya ukungu, zikatupwa zote.

Bi Zubeda aliporudi akakaa, akavaa vile vya masikioni, akasikiliza hadithi nzima. Hakupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba alipiga kelele, ingekuwa nafuu kwetu sote. Alivua, akamshukuru Nurdin kwa kazi, akaenda kuswali adhuhuri.

Kabla hata hatujajua la kufanya, akaja Najma. Huyu ni binti wa marehemu Bi Chausiku Abdulrahman wa Msasani, msimuliaji aliyekuwa hana mfano katika pwani yetu, na ambaye hadithi zake zilikuwa ndiyo moyo wa kitabu kikubwa tulichokuwa tunakaribia kukipeleka kiwandani. Bi Chausiku alikuwa na mazoea yake: aliita "Paukwa!" mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka aridhike kwamba "Pakawa!" imejaa baraza zima. Wakati wa kurekodi Najma alikuwa binti mdogo mwenye kicheko kikubwa, na kicheko hicho kilikuwamo kwenye kila kanda. Sasa mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, naye amekuja na wanawe wawili ili wamsikie bibi yao.

Tukawakaribisha vizuri. Nurdin akabonyeza. Bi Chausiku akaita, "Paukwa!" Kimya. Akaita tena, kimya. Akaita mara ya tatu kwa sauti ile ya juu, kimya, kisha akaendelea kuzungumza, akinyamaza na kuendelea, akinyamaza na kuendelea. Mtoto mdogo akauliza bibi anaongea na nani. Mkubwa akajificha nyuma ya mama yake.

Najma akasimama. Maneno yake kila aliyekuwepo anayakumbuka. "Mama'angu hajawahi kuita akakosa mtu. Nyie mmemfanya kichaa anayeongea na ukuta." Akachukua wanawe, akaondoka. Siku ya pili akafuta ruhusa ya kuchapa hadithi hata moja ya mama yake. Haikupita wiki, habari ikawa imeenea Msasani hadi Kunduchi. Mtafiti wetu mmoja alipiga hodi nyumba aliyozoea kunywea chai, akaambiwa wenyewe hawapo, na aliyemwambia ndiye mwenyewe.

Kitabu kilikuwa hatarini, ni kweli, lakini si kitabu kilichomkosesha Bi Zubeda usingizi. Bi Chausiku alikubali kurekodiwa kwa sharti moja tu: kwamba wajukuu watakaokuja baada yake wamsikie vilevile alivyosikiwa na wanawe. Bi Zubeda ndiye aliyempa neno. Sasa wajukuu walikuwa wamemsikia, na wamemwogopa.

Kikao kikakaa. Wengine tukapendekeza barua ya kuomba radhi, Bi Zubeda akasema barua haiitikii. Nurdin, masikini, akapendekeza achukue "Pakawa" moja kutoka kokote aibandike kwenye mapengo yote kwa kompyuta. Akaambiwa kwa upole kwamba ajaribu kwanza kumwitikia mama yake mzazi kwa kompyuta aone. Mwisho Bi Zubeda akachukua spika, akamchukua Nurdin, akachukua na kanga yake, wakaenda Msasani.

Nurdin anasimulia kwamba njia nzima kutoka kituo cha basi alimwamkia shikamoo kila aliyekutana naye, hata waliokuwa wadogo kwake. Najma aliwapokea barazani kwa sababu mgeni hafukuzwi. Akawapa maji, akakaa mbali nao, akageuza uso. Bi Zubeda hakuomba radhi na wala hakujieleza. Alifunga kanga kutoka nguzo mpaka dirishani, vilevile kama siku ile ya kwanza, akaweka spika chini, akabonyeza.

"Paukwa!" akaita Bi Chausiku.

Kimya. Najma akasema bila kugeuka, "Mama Zubeda, usinifanyie hivyo." Bi Zubeda hakuizima spika.

"Paukwa!" Uani kwa jirani mtu aliyekuwa anapara samaki akaacha kupara. Nurdin anasema alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Paukwa!" Ilikuwa ni ile ya tatu, ya juu, waliyoijua mtaa mzima. Na nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu kwa nguvu zake zote, "Pakawa!" Kisha nyingine kutoka dukani. Kisha Najma mwenyewe, mkono mdomoni, kana kwamba neno limemtoroka.

Hilo ndilo Bi Zubeda alilolitegemea. Alijua kwamba mtu aliyelelewa na Bi Chausiku hawezi kuiacha paukwa yake ianguke chini, hata awe na hasira kiasi gani. Najma alilia, akawa anaitikia huku analia, na wanawe wakatoka ndani wakauliza wao waseme nini. Akawafundisha palepale. Yule jirani akaja na mikono yake ya magamba ya samaki, akaingia nyuma ya kanga bila kukaribishwa.

Walirudi kesho yake na siku nyingi baadaye. Wanawake wa Msasani waliijaza ile nyumba. Waligombana juu ya viitikio, huyu akisema kilikuwa hivi, yule akisema wewe ulikuwa unasinziaga, utajuaje. Nurdin akarekodi yote, na safari hii hakusafisha kitu, majogoo kwa honi. Hazikurudi zile sauti za zamani, hilo Bi Zubeda hakutuficha wala hakujidanganya. Kicheko cha Najma mtoto kimekwenda na hakitarudi. Ila mwanawe mdogo huchekea palepale alipokuwa anachekea mama yake, na unaweza kumsikia kwenye rekodi mpya ya hadithi ya Sungura na Shimo la Chumvi. Mzee Marselino naye alikuwa hai bado. Alisikiliza sauti yake mwenyewe mara moja, akachukua tezo, akagonga mahali pake pote bila kukosea.

Siku ya mwisho ilikuwa zamu ya hadithi ndefu kuliko zote. Katikati ya hadithi hiyo Bi Chausiku husimama. Wasimuliaji wetu wana kawaida ya kujaribu kama wasikilizaji wako macho, na wengi huuliza watu wote kwa pamoja. Yeye siku ile ya kurekodi alimuuliza mtu mmoja. Spika ikasema, "Zubeda, umelala?"

Watoto walitaka kujibu, Najma akawazuia, kwa sababu swali lilikuwa la mtu. Bi Zubeda wiki zote hizo alikuwa amekaa pembeni akishughulika na vifaa, akiwaachia wenyewe waitikie. Nurdin anasema alimwona anaviacha vifaa, anaigeukia spika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sijalala, mama. Endelea." Na Bi Chausiku akaendelea.

Najma alirudisha ruhusa jioni ileile, kwa masharti yake. Ndiyo maana kitabu kile, ukikifungua, majina ya waitikiaji wote yamo ukurasa wa mbele pamoja na la msimuliaji, hadi la jirani wa samaki. Siku hizi hakuna hadithi inayoingia kwenye hazina ya Kituo bila kuandikwa nani aliitikia. Na kijana yeyote anayeomba kazi kwetu, awe na shahada ngapi, anakalishwa mbele ya Bi Zubeda na kusimuliwa hadithi. Wengi wamefeli kwa "loh" iliyowahi.

Bi Zubeda anarudi nyumbani kwake Mbagala Kizuiani, kwenye wajukuu na bustani ya mchicha ambayo ameitishia muda mrefu kwamba ataishughulikia. Mchicha una taarifa. Kanga amemkabidhi Nurdin, aliyeipokea kwa mikono miwili.

Hafla ya kumuaga itafanyika tarehe 30 saa nne asubuhi, ukumbini kwetu Chang'ombe. Hotuba zitakuwepo, na zitakuwa ndefu, Mkurugenzi ameahidi. Najma na wanawe watakaa mstari wa mbele. Baada ya hotuba Nurdin atafunga kanga madirishani, na Bi Zubeda ataketi kwenye kiti cha msimuliaji, kiti ambacho miaka yote hii hajawahi kukikalia, maana alikuwa upande wa pili akiwaitikia wengine. Wageni waalikwa tunawaomba jambo moja: msimpigie makofi. Mnajua la kufanya.

Asante, mtani wangu, kwa niaba ya Kituo kizima na ya mama yangu uliyemchelewesha mlangoni. Mungu akupe afya, akupe wajukuu watukutu, na maisha yako huko uendako yawe matamu. Siku yoyote ukituita, popote ulipo, hutahitaji kuita mara ya pili.